Uhuru Upi? Mabishano ya Santuri za Rokenroli na Twisti Mpakani Busia

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, wazee watano au sita hukutana kwenye veranda ya nyumba moja upande wa Kenya wa mji wa Busia. Wengine hutembea tu kutoka mtaani. Wawili huvuka kutoka upande wa Uganda, wakiwa wamebeba mifuko iliyofungwa kwa uangalifu kama ya mtu anayebeba mayai. Ndani ya mifuko hiyo kuna santuri. Mwenye nyumba ana mashine moja inayozunguka vizuri na nyingine ya vipuri. Husikiliza, hunywa chai, na hubishana hadi jua linapozama.

Nilienda huko mara ya kwanza nikiwa na sanduku la marehemu babu yangu, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli na alijenga kwake Molo. (Molo ninayoizungumzia ni ile ya wilaya ya Tororo, Uganda. Wasomaji wa Kenya watafikiria Molo ya Nakuru, penye baridi na viazi. Sisi tuna joto na mihogo.) Baba mdogo alitaka kuliuza sanduku. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu Nairobi, na wengine Ulaya, wanaonunua sahani za zamani za Afrika Mashariki, na kwa kuwa tulikuwa na deni la karo, pamoja na karo yangu mimi mwenyewe, sikuwa na uso wa kumpinga. Nilichoomba ni mwezi mmoja ili nijue tulikuwa tunauza nini. Insha hii ilitokana na mwezi huo.

Sandukuni mlikuwa na sahani thelathini na moja. Nne ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama kigae, na mbili kati yake zilikwisha kuvunjika. Zilizobaki ni ndogo za mizunguko 45, isipokuwa elpii tatu za Jim Reeves. Kuna Elvis Presley mmoja, aliyechakaa hadi sindano inaruka. Kuna rumba za Kongo. Na kuna sahani moja ya twisti ya Kiswahili ambayo lebo yake imefutika kwa kushikwashikwa hata jina la wimbo halisomeki. Ilipowekwa kwenye mashine siku ile, wazee wote walisema kwa pamoja: Daudi Kabaka. Baada ya hapo hawakukubaliana tena juu ya jambo lolote.

Ubishi ulikuwa kati ya watu wawili hasa. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa historia, Mkenya. Mwingine aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi, na ingawa ni Mganda, anasema nyumba yake halisi ilikuwa barabara. Mwalimu alishikilia kwamba twisti ya Nairobi ni kivuli cha rokenroli ya Marekani: Wamarekani walicheza, filamu na santuri zikaletwa, vijana wetu wakaiga, na kuiga huko kulichelewa kama kila kitu kilichotoka ng'ambo kilivyochelewa. Dereva alikataa. Alisema Kabaka hakuwa mwigaji wa mtu.

Hapa nieleze kidogo, kwa wasomaji wenzangu ambao, kama mimi kabla ya mwezi huo, wanadhani rokenroli ina tarehe ya kuzaliwa. Haina. Wapenzi wa santuri huko Marekani wenyewe wamebishana kwa miongo mingi kuhusu sahani ipi ilikuwa ya kwanza. Wako wanaotaja "Rocket 88", iliyorekodiwa Memphis mnamo Machi 1951 na Sam Phillips na kutolewa na kampuni ya Chess ya Chicago. Hata hiyo ina kesi yake: lebo inasema Jackie Brenston, lakini bendi ilikuwa ya Ike Turner. Wengine hurudi nyuma hadi Fats Domino na "The Fat Man" ya Desemba 1949, na wengine nyuma zaidi, kwa Sister Rosetta Tharpe aliyekuwa akipiga gita la umeme katika nyimbo za kanisa miaka ya 40. Bill Haley, ambaye babu zetu walimwona kwenye sinema, alirekodi "Rock Around the Clock" mwezi Aprili 1954, wakati karamu ilikuwa imeanza zamani. Jim Dawson na Steve Propes waliandika kitabu kizima mwaka 1992 kuhusu swali hilo moja, wakapitia sahani hamsini.

Ubishi huo unaonekana kama wa watu wasio na kazi. Lakini kila jina linalowekwa mbele linamwondoa mtu mwingine. "Hound Dog" ilirekodiwa na Big Mama Thornton mwaka 1952, mwanamke mweusi mwenye sauti ya kutetemesha ukuta. Mwaka 1956 Elvis akaimba wimbo huohuo, na dunia ikamjua yeye. Anayeuliza "ya kwanza ni ipi?" anauliza pia nani alilipwa na nani alisahauliwa.

Dereva hakujua vitabu hivyo, lakini alijua jambo ambalo Mwalimu hakulijua. "Mwalimu," alisema, "huyo Chubby Checker wako naye aliiga." Ni kweli. "The Twist" iliandikwa na kurekodiwa kwanza na Hank Ballard na bendi yake ya Midnighters, ikatoka mwaka 1959 upande wa pili wa sahani. Checker aliirekodi upya mwaka 1960, karibu neno kwa neno, na ikashika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Septemba mwaka huo, kisha ikairudia nafasi hiyo Januari 1962. Kwa hiyo kama kuiga kunamwondolea mtu haki ya wimbo, Checker aondolewe kwanza kabla hatujafika Nairobi.

Naongeza mfano ambao wazee hawakuutaja, kwa kuwa unatoka karibu nasi zaidi kuliko Philadelphia. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis, magharibi mwa Kenya. Miongoni mwake zilikuwamo nyimbo zilizomtaja kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu mnyama. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini pamoja na gramafoni. Watu walisikia sauti bila mwili ikitoka katika sanduku, wakaipa jina la Kikipsigis, wakaipa mwili wa kwao, wakaipigia ala za kwao. Wasichana walioimba hawakuwa wakimwiga Rodgers hata kidogo. Ukisikiliza rekodi hiyo huwezi kumpata Mmarekani yeyote ndani yake, ila jina lililogeuzwa. Mwaka 1986 ukumbi wa heshima wa rokenroli huko Marekani ulimwingiza Rodgers kama mmoja wa mizizi ya muziki huo. Chemirocha hakualikwa.

Turudi kwa Kabaka. Alizaliwa mwaka 1939 Uganda, katika familia ya Kiluhya yenye asili ya magharibi mwa Kenya. Jina lake la pili ni cheo cha mfalme wa Buganda. Unaweza kufikiria jambo hilo linavyopokelewa Busia, mji uliokatwa katikati. Waganda kwenye veranda husema ni wetu kwa kuzaliwa, Wakenya husema ni wetu kwa ukoo na kwa kazi. Kazi yenyewe ilifanyika Nairobi, katika studio ya Equator Sound iliyoendeshwa na Charles Worrod, ambako alikuwa pamoja na Fadhili William, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Bendi hiyo peke yake inatosha kumfundisha mtu kwamba mipaka ya nchi ni kipimo kibaya cha muziki wa wakati ule.

Na muziki wenyewe? Mwalimu alituomba tusikilize mapigo: haya hapa, twisti, kama ya Wamarekani. Dereva alituomba tusikilize gita. Nilisikiliza mara nne, na kwa maoni yangu dereva ana haki zaidi, ingawa si yote. Jina la twisti lilitoka Marekani, na lilichukuliwa kwa makusudi kwa sababu liliuza sahani. John Nzenze naye alikuwa na twisti zake wakati huohuo. Lakini gita linatembea kwa vidole, nyuzi za juu zikijibizana na sauti, kama walivyopiga Waluhya wa kizazi cha George Mukabi, yule aliyeuawa mwaka 1963, ambao walihitaji gita moja na chupa ya soda ya kugongwa tu. Waandishi wa historia ya muziki wa Kenya wameonyesha pia ukaribu wa twisti ya Kabaka na kwela ya Afrika Kusini. Sikiliza Checker, kisha sikiliza Kabaka. Utasikia ngoma mbili zenye jina moja.

Halafu biashara iligeuka ikaelekea upande wa pili. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes ilirekodi "Helule Helule" ya Kabaka, ikapanda hadi nafasi ya 14 katika chati za Uingereza. Nilipolisema hilo, mzee mmoja ambaye hakuwa amezungumza mchana kutwa aliweka kikombe chini na kuuliza: "Na yeye alipata ngapi?" Hakuna aliyejibu.

Swali lake ndilo linalofanya "Malaika" iwe hatari kutajwa kwenye veranda ile. Fadhili William ndiye aliyeirekodi na kuifanya ijulikane. Harry Belafonte na Miriam Makeba wakaiweka katika albamu yao ya mwaka 1965, na Boney M wakaiimba mwaka 1981. Lakini Adam Salim, aliyezaliwa Tanganyika, alidai kwamba aliitunga Nairobi mwaka 1945, na wako wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alifariki mwaka 2001, kama Kabaka, na ubishi haukuzikwa naye. Sitaingia humo. Nataja tu kwamba pande zote hukosa kitu kilekile: karatasi au sahani yenye tarehe.

Na hapo ndipo tulipokwama na sahani ya babu pia. Tarehe ilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani. Kama sahani ile ilinunuliwa mwishoni mwa 1963 au 1964, Mwalimu alikuwa na hoja: twisti ya dunia ilikuwa imepoa, sisi tukaokota makombo. Kama ilinunuliwa 1962, basi Nairobi ilikuwa ikitoa twisti yake katika mwaka uleule ambao Checker alirudi kileleni. Anayecheza wakati mmoja na wenzake hawezi kuitwa mfuasi aliyechelewa.

Lebo haikuwa na mwaka, hata mahali palipokuwa panasomeka. Bahasha ya karatasi ilisaidia zaidi. Ilikuwa na mhuri wa duka, na mhuri ulisema Victoria Street, Nairobi. Leo hiyo ni Tom Mboya Street, na jina lilibadilika baada ya Mboya kuuawa Julai 1969. Kwa hiyo sahani ilinunuliwa kabla ya hapo. Chini ya mhuri, bahasha iliorodhesha nchi ambako sahani za duka hilo ziliuzwa, na mojawapo ilikuwa Tanganyika. Jina la Tanzania lilianza mwaka 1964, baada ya muungano wa Aprili. Duka linaweza kutumia bahasha za zamani hadi ziishe, jambo ambalo Mwalimu alilikumbusha kwa furaha, lakini hata hivyo mduara ulikuwa umebana. Kwa mwanafunzi wa historia huu ni utajiri. Majina ya mitaa yaliyobadilishwa na serikali mpya, ambayo tuliyakariri shuleni bila hamu, yanageuka kuwa kalenda. Ukiona Delamere Avenue uko kabla au karibu na uhuru, na ukiona Government Road uko kabla ya Moi.

Pembeni, kwa penseli, babu alikuwa ameandika neno moja: Uhuru.

"Desemba 1963," alisema Mwalimu papo hapo. "Kesi imekwisha."

"Oktoba 1962," alisema dereva. "Mwenye sanduku ni mtu wa Molo. Uhuru wake ni wa Uganda."

Lakini babu alifanya kazi katika reli ya Afrika Mashariki, iliyokuwa moja kwa nchi zote, na katika miaka hiyo alilala Nairobi mara nyingi kuliko nyumbani. Uhuru upi? Uganda ilipata wake tarehe 9 Oktoba 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Nyaraka zilizoandikwa mpakani zina tatizo hili, na nadhani hatulizungumzi vya kutosha katika madarasa yetu. Tunafundishwa kuwauliza wazee "ilikuwa kabla au baada ya Uhuru?" kana kwamba kila mtu alipewa siku ileile. Nimewahi kufanya kosa hilo katika kazi ya darasani na nikapata alama nzuri.

Nilirudi Molo nikiwa na swali hilo kichwani, na nikalitoa jioni jikoni, bila kutarajia jibu. Bibi alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Alisema sahani ile ililetwa Krismasi, na yeye alikuwa na mimba ya miezi sita ya shangazi yangu mkubwa, na mama mkwe alimgombeza kwa kucheza katika hali hiyo. Shangazi ana kadi ya ubatizo. Alizaliwa Machi 1963.

Krismasi ya 1962, basi. Nilimuuliza bibi kwa nini hakuwahi kusema. Aliniambia sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimevuka mpaka kuwauliza wanaume. Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ileile ya maharagwe: fedha za kununua sahani ile zilikuwa zake. Aliuza pamba yake ya kwanza ya msimu ule na kumpa mumewe hela alipopita nyumbani, amletee kutoka Nairobi "ile ya kucheza". Babu alinunua, na babu akaandika juu yake. Miaka yote tuliita sanduku la babu.

Sanduku lenyewe lilisalimika kwa jinsi ambayo sasa naiona kuwa ya bahati tu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini kuondoka Uganda. Maduka mengi ya Tororo yalikuwa yao, na pamoja na vitambaa na baiskeli, biashara ya santuri na sindano ilipita mikononi mwao kwa kiasi kikubwa. Dereva anakumbuka kwamba baada ya hapo ilibidi kuvuka kwenda Kenya kutafuta sindano moja. Zikaja vita, na watu walikimbia na kilichobebeka. Sahani za 78 hazibebeki. Ndiyo maana baadhi ya nyimbo za eneo letu leo zinapatikana kwa urahisi zaidi katika makusanyo ya ng'ambo kuliko hapa. John Storm Roberts, Mwingereza aliyewahi kuishi Kenya, alizikusanya nyingi za Nairobi na kuzitoa upya Marekani miaka ya 80, na bila watu kama yeye tungekuwa na kidogo zaidi. Kwa upande wetu, Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 2007. Siwalaumu wanunuzi. Mwenye deni la karo hauzi kwa sababu hapendi muziki. Lakini sahani ikiondoka bila bahasha yake, na bahasha bila bibi yake, kinachofika huko ni wimbo mzuri usio na mwaka.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka habari Busia. Nilikwenda na picha ya kadi ya ubatizo kwenye simu. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza, akasoma jina la parokia. Alikubali mwaka. Hakukubali hoja. Alisema miezi kumi na miwili ya kuwahi haibadilishi kivuli kuwa mti, na dereva akamwomba airudie sentensi hiyo polepole ili aicheke vizuri. Waliendelea hadi giza. Nilipoondoka walikuwa wameingia kwenye "Malaika".

Kuhusu kuuza, baba mdogo alisema kwamba kama sahani ya twisti ni ya mama, basi mama aamue. Bibi aliamua siku hiyohiyo. Elpii za Jim Reeves ziende zote. Yule mtu, alisema, alilia miaka na miaka na hakuna aliyejua alifiwa na nani. Zililipia sehemu ya muhula. Sahani ya Kabaka imebaki Molo, katika bahasha yake ya Victoria Street, ndani ya sanduku ambalo sasa liko chini ya kitanda cha bibi. Hatuna mashine ya kuipigia. Dereva ameahidi kuleta ile ya vipuri, ikipatikana sindano.